Somo: Kisu cha Mfukoni si Ngao

Somo hili mmelileta nyinyi wenyewe. Katika kuwatembelea huku Kuresoi, kuanzia Keringet hadi Olenguruone, tumeulizwa mara nyingi: mweka hazina akirudi nyumbani jioni na pesa za kikundi, si afadhali atie kisu kidogo mfukoni?

Kisu hicho cha kukunja ni chombo kizuri. Kinakata mbegu za viazi, kinakata kamba ng'ombe akijinyonga. Lakini kwa kujikinga, tunasema wazi, hakifai.

Mama mmoja tunayemfahamu, mweka hazina, alikutana na vijana wawili njiani wakati wa ukungu. Kisu alikuwa nacho. Lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, na kisu cha namna hiyo hufunguliwa kwa mikono miwili. Akaangusha kikapu, akahangaika. Alipofaulu kumdunga mmoja, ncha iligonga kifungo cha koti, makali yakajikunja yakamrudia vidoleni. Pesa zilienda. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo, na kazi ya kukamua amemwachia binti yake.

Tazameni basi. Visu vingi vya bei rahisi havina kizuizi cha kushikilia makali yakishafunguliwa, ni springi tu. Mpini ni mfupi, hauna kingo, na ukilowa mvua au damu mkono unateleza hadi kwenye makali. Halafu sentimita sita au saba za chuma hazipiti kwa urahisi koti na sweta tunazovaa huku. Na hata zikipita, mtu aliyedungwa haanguki papo hapo kama kwenye sinema. Anaweza kuendelea kukupiga kwa dakika kadhaa, kisha akafa baadaye akiwa njiani. Kwa hiyo kisu kidogo kinaweza kuua na bado kisikuokoe. Hili wengi hawalifikirii.

Jaribuni wenyewe mkutanoni. Mmoja ashike kipande cha mkaa cha urefu wa kidole, mwingine ashike bua la mahindi lenye urefu wa panga. Mwenye mkaa ajaribu kumtia mwenzake alama kifuani. Hesabuni atapigwa mara ngapi kabla hajamfikia. Kisha ongezeni mtu wa pili mwenye bua. (Polepole jamani, na mchunge macho!)

Sheria ya Kenya inakubali mtu ajitetee, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Tena kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayekutwa na silaha ya hatari, katika hali inayoonyesha alikusudia kosa kubwa, afungwe miaka 7 hadi 15. Usiku, mbele ya polisi, maneno ya mbegu za viazi si rahisi kuaminiwa.

Huku kwetu kuna jambo zito kuliko hilo. Waliohama makwao kwenye mapigano ya 1992, na tena 2007 na 2008, wanalijua. Mtu akidungwa gizani, kufika asubuhi watu hawaulizi kama alikuwa mwizi. Wanauliza ni wa kabila gani, na aliyemdunga ni wa kabila gani.

Tulimwuliza yule mama kwa nini hakuwapa pesa akaenda zake. Alijibu, "Ningewaambia nini wenzangu?" Hapo ndipo tulipoona kwamba kisu kile alikibeba kwa kutuogopa sisi wanakikundi kuliko kuwaogopa wezi. Katiba ya kikundi chake ilisema mweka hazina atalipa kila senti itakayopotea.

Sasa wamebadilisha. Wanakutana saa nane mchana, na pesa zinawekwa kwa M-Pesa mbele ya mashahidi kabla watu hawajatawanyika. Zikibaki za mkononi, watu watatu wanasindikizana, mmoja na tochi, mwingine na firimbi. Wakivamiwa wanatoa pesa, wanapiga nduru wakishakuwa mbali, wanapiga simu 999 na kumjulisha chifu. Hasara inabebwa na wote.

Mkutano ujao, mwandishi asome katiba yenu kwa sauti. Inasemaje kuhusu pesa zilizoporwa? Mweka hazina wenu anabeba nini mfukoni, na mmewahi kumwuliza kwa nini?