Utafiti wa sheria wa chuo kikuu: unafaa nini, na unapimwaje?

Maswali ya wakaazi wa Malindi na mitaa mingine ya Mji Mkongwe, Zanzibar

Mimi si msomi. Ubora wa utafiti wa chuo unanihusu nini?

Unakuhusu kwa sababu wewe ndiye unayeulizwa. Wanafunzi na wahadhiri wa sheria, wa Tunguu, wa Dar es Salaam na wa ng'ambo, hupita mitaani kuulizia talaka, mirathi na nyumba za wakfu, ambazo Mji Mkongwe zimejaa tele. Ukishamfungulia mtu mambo ya nyumbani kwako, una haki ya kujua yamefanyiwa nini.

Nitaujuaje utafiti mzuri?

Tizama swali lake kwanza. "Haki za wanawake Zanzibar" ni kichwa cha habari tu. Swali hasa ni hili: mke aliyeachwa akidai fungu katika nyumba aliyochangia kuijenga, kadhi anataka ushahidi gani?

Halafu tizama alikochota majibu. Kifungu cha sheria hakikwambii nani anafika mahakamani wala anarudi na nini. Erin Stiles wa Marekani, ambaye fani yake ni anthropolojia wala si sheria, alikaa katika mahakama ya kadhi ya Mkokotoni akifuatilia kesi, na kitabu chake kikatoka 2009. Kinaonyesha kwamba wengi wanaofungua kesi pale ni wanawake, jambo ambalo msomaji wa vifungu peke yake asingelijua. Kimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali kesi zilisikilizwa kwa Kiswahili.

Si wanahesabu makala imenukuliwa mara ngapi?

Wanahesabu, na mhadhiri anayetaka kupanda cheo analijua hilo vizuri. Lakini utafiti wa malaria unaweza kufaa Unguja na Brazil pia, ilhali sheria yetu ya wakfu inaishia ufukweni. Msomi wa Brazil hana sababu ya kuinukuu. Makala nzuri juu ya nyumba za wakfu inaweza kunukuliwa mara chache mno, na bado ikawafaa wapangaji, warithi na Kamisheni ya Wakfu.

Na athari za utafiti?

Uingereza huzipima kitaifa. Katika tathmini ya vyuo vikuu ya 2014 athari nje ya chuo zilibeba asilimia 20 ya alama. Ile ya 2021, asilimia 25. Chuo hupeleka ushahidi: hukumu iliyoitaja kazi hiyo, mwongozo uliobadilishwa, ripoti ya kamati ya bunge.

Kwa hiyo sheria ikibadilika, mtafiti amefaulu?

Hapo ndipo pagumu. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tume ilizunguka Bara ikisikiliza wanavijiji (ardhi ya Zanzibar ina sheria yake), ikapendekeza miliki kuu ya ardhi itoke kwa rais, na ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji. Sheria Na. 4 na Na. 5 za 1999 zikaibakisha ardhi yote kwa rais, kama mdhamini. Kwa hesabu ya tathmini kama ile ya Uingereza, pendekezo kubwa lilianguka. Hata hivyo, miaka zaidi ya 30 baadaye, mjadala wa ardhi Tanzania haukwepi ripoti ile. Kwangu mimi hiyo ni athari, tena kubwa.

Kuna na kinyume chake. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar ya 1985 ilifutwa, ikatungwa mpya 2017. Wanaharakati, mawakili, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi na wasomi, kila mmoja ana lake la kudai hapo. Mtafiti akikwambia mabadiliko yale ni yake, mwombe akuonyeshe ukurasa unaoitaja kazi yake.

Akinijia mlangoni nimuulize nini?

Kibali chake, na kama sheha ana habari naye. Jina lako litafichwa vipi. Na ripoti italetwa shehiani lini, kwa lugha gani.