KISUKARI NA SEHEMU YA MBELE YA JICHO
Jicho lisilouma si lazima liwe zima

Nikitembelea nyumba kwa nyumba hapa Nakivale nilimkuta mama mmoja mwenye kisukari, jicho jekundu, linatoa machozi. Siku sita nyuma alikuwa akipalilia mahindi, jani likamkwaruza. "Haliumi sana, mwanangu," aliniambia. Nilipomulika kwa tochi niliona doa jeupe. Siku hiyo hiyo tulikwenda kituo cha afya, akapewa rufaa ya Mbarara. Jicho liliokolewa, lakini kovu limebaki na upande huo haoni vizuri. Angekuja siku ya kwanza, huenda angepona kabisa.

Konea ni nini?
Ni utando angavu ulio mbele ya jicho, kama kioo cha saa. Hauna mishipa ya damu. Hupata hewa na unyevu kutoka kwenye machozi. Lakini una mishipa ya fahamu mingi kuliko ngozi. Ndiyo maana chembe moja ya vumbi hukusumbua mpaka itoke.

Kisukari huiharibu namna gani?
1. Hupunguza hisia. Sukari nyingi ya muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu, kama inavyotia ganzi miguu. Jicho linaumia, wewe husikii.
2. Hupunguza machozi. Jicho hukauka na kuwasha, hasa wakati wa vumbi la kiangazi na moshi wa kuni.
3. Huchelewesha kupona. Mkwaruzo mdogo kwa mtu mwenye afya mara nyingi hupona kwa siku chache. Kwa mwenye kisukari hukawia na huweza kubanduka tena. Hapo vijidudu na fangasi huingia.

Pia, sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika na unaona ukungu. Usikimbilie kununua miwani. Kwanza sukari itulie.

Tumejifunza nini Mbarara?
Kati ya 2016 na 2018, watafiti walifuatilia wagonjwa 313 wenye vidonda vya konea katika Kituo cha Macho cha Ruharo na hospitali ya rufaa ya Mbarara. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia dawa za kienyeji jichoni kabla ya kufika. Wengi walichelewa, wakafika kidonda kimekwisha kuwa kikubwa. Ilionekana pia kwamba wenye kisukari na wakulima wako katika hatari zaidi. Sisi wengi hapa tunalima, basi tujihadhari.

FANYA HIVI
- Meza dawa zako na pima sukari kama ulivyoagizwa.
- Kila asubuhi funga jicho moja, tazama paa la jirani, kisha ubadilishe. Utajua kama jicho moja limepungua.
- Vumbi likiingia, osha kwa maji safi mengi.
- Ukikwaruzwa, au ukiona wekundu, doa jeupe, ukungu, au mwanga unakuchoma, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama haliumi. Mwambie mhudumu kwamba una kisukari.
- Omba kupimwa na nyuma ya jicho kila mwaka, kwa maana kisukari hudhuru huko pia bila maumivu.

USIFANYE HIVI
- Usifikiche jicho.
- Usitie maji ya majani, maziwa ya mama wala mkojo.
- Usitumie matone ya jirani wala ya dukani bila kupimwa. Mengine hupunguza wekundu huku yakiongeza nguvu ya fangasi.
- Ukipewa rufaa, usingoje mavuno wala siku ya mgao. Kidonda cha konea huweza kuharibu jicho kwa siku chache.

Ndugu, kama nyumbani kwako kuna mzee mwenye kisukari, msomee karatasi hii, kisha mtazame macho yake leo kabla jua halijazama. Ukiwa na shaka, mwite mhudumu wa afya wa kijiji chako.