Shaabani Ipi? Kupanga Mwaka Mpya wa Biashara ya Linki



Imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) aliletewa hati ya deni iliyosema deni litalipwa Shaabani. Akauliza: Shaabani ipi? Iliyopita, ijayo, au hii tuliyomo? Karatasi haikuwa na jibu. Wanahistoria wanakitaja kisa hicho miongoni mwa sababu za yeye kuwakusanya masahaba, mnamo mwaka wa 16 au 17, wakakubaliana kuhesabu miaka kuanzia Hijra. Kalenda yetu, kwa sehemu, ilizaliwa kwenye hesabu za watu wanaodaiana.

Nimekikumbuka kisa hiki wiki hii. Tumo katika Rajab 1447, na huko nje watu wanasubiri Januari 2026. Nimekaa chumbani kwangu Kimironko na daftari la mwaka unaokwisha, nataka kupanga unaokuja. Biashara yangu mnaijua, kwa sababu wengi wenu mnaifanya: natangaza vitu vya watu wengine kwenye status ya WhatsApp na kwenye makundi, kila kimoja na linki yake. Mtu akinunua kupitia linki yangu, napata komisheni. Wenyewe wanaiita afilieti.

Hapa Kigali kazi hii si ngeni hata kidogo. Ukitafuta chumba Kimironko, utakutana na komisioneri kabla hujakutana na mwenye nyumba. Waswahili wa pwani wanamwita dalali, vitabu vya fiqhi vinamwita simsar. Imam Bukhari ameweka mlango mzima kuhusu ujira wake, na humo ametaja kwamba Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na al-Hasan hawakuona ubaya katika ujira huo. Sahaba Qays bin Abi Gharaza (r.a.) amesimulia kwamba wao walikuwa wakiitwa madalali, Mtume (s.a.w.) akawapa jina zuri zaidi, wafanyabiashara, kisha akawatahadharisha kwamba uuzaji huingiwa na maneno ya upuuzi na viapo, kwa hiyo wauchanganye na sadaka.

Mkataba wenyewe unafanana sana na kile wanachuoni wanachokiita ju'ala: ujira unajulikana, ila kazi itakayohitajika haijulikani. Wanaoujuzisha hutoa dalili katika Surat Yusuf, pale mwenye kulileta kopo la mfalme alipoahidiwa shehena ya ngamia. Hakuna aliyejua angelitafuta siku ngapi. Lakini shehena ya ngamia ilijulikana ni nini. Basi tukiambiwa "lete wateja, tutakuona", hiyo si ju'ala. Ni ahadi ya mtaani.

Mpaka hapo nilikuwa nimetulia. Kilichoniharibia utulivu ni swali.

Kati ya linki zangu za mwaka huu, moja ilikuwa ya mikopo ya simu. Sitaitaja kampuni. Unabonyeza, unajisajili, pesa zinaingia kwenye simu, na baada ya wiki chache unarudisha pamoja na nyongeza. Kila aliyejisajili na kukopa kupitia kwangu aliniletea faranga 2,000. Nilijiambia kwamba mimi sikopeshi wala sikopi, nimeonyesha mlango tu. Mwezi wa kumi dada mmoja wa mwaka wa kwanza, anayekaa mtaa wa pili kutoka kwangu, alinifuata baada ya darsa. Alikuwa amekopa kulipia chumba, akashindwa kurudisha kwa wakati, deni likaongezeka. Hakuja kulalamika. Aliniuliza tu:

"Kaka, mimi nilipokopa, wewe ulipata ngapi?"

Nilimwambia. Akasema, "Sikujua kama unalipwa. Nilidhani unatusaidia."

Hapo ndipo nilipoiona tofauti kati yangu na komisioneri wa nyumba. Yule anakwenda nawe mguu kwa mguu, na unajua fika kwamba ana chake. Ukitaka kupunguza nusu ya maneno yake, unapunguza. Linki haina uso. Inapita kwenye kundi la ndugu, katikati ya tangazo la darsa na dua ya mgonjwa, ikionekana kama nasaha. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono kwenye rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu ndani, alimwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Komisheni yangu ilikuwa unyevu wa chini.

Na juu ya hilo ipo riba yenyewe. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) aliyoipokea Muslim, laana haikuishia kwa mla riba na mwenye kuilipa, imewafikia mwandishi na mashahidi wawili. Nilijaribu kutafuta nafasi ya mwenye linki iliyo mbali kuliko ya mwandishi. Sikuipata. Mwandishi huja watu wakishakubaliana, mimi ndiye niliyewakutanisha.

Ustadh wetu alinielekeza niyatoe yote niliyoyapata kwenye linki ile kwa wenye dhiki, bila kuyahesabu kuwa sadaka yangu. Nilianza na deni la dada yule. Zilizobaki naendelea kuzitoa kidogo kidogo, kwa sababu nilikwisha zila. Hiyo ndiyo sababu mpango wangu wa 2026 haukuanza na lengo la mapato kama wanavyotufundisha kwenye video. Ulianza na mstari mwekundu juu ya linki iliyoniletea zaidi ya nusu ya pesa za mwaka. Sitawadanganya: kodi ya chumba ya Januari sijui bado itatoka wapi yote.

Linki zilizobaki nimezipitisha kwenye maswali mawili tu. Kitu hiki nimekitumia au nimekiona kwa macho? Na anayenunua anajua kwamba nalipwa? Hili la pili si jambo la Waislamu peke yao. Amazon, ambayo mpango wake wa washirika ulianza mwaka 1996, inawataka washirika waseme wazi kwamba wanapata pesa kutokana na manunuzi, na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani inadai vivyo hivyo kwa anayesifia bidhaa kwa malipo. Sasa kila tangazo langu lina mstari: "Ukinunua hapa, nami napata komisheni." Wateja wamepungua kidogo. Na yale maoni ya uongo ya "nimeinunua, ni nzuri sana" tunayoandikiana marafiki ili kusukuma bidhaa, yaacheni. Ni ndugu wa najash, kupandisha bei bila nia ya kununua, na najash imekatazwa.

Jambo ambalo wengi wetu hatulipangi ni muda wa pesa kufika. Amazon hulipa takriban siku 60 baada ya mwezi kuisha. Komisheni ya Novemba unaiona mwishoni mwa Januari. Mteja akirudisha bidhaa, inafutwa. Kile kidakuzi kinachomkumbuka mteja wako hudumu saa 24 tu: akibonyeza leo asubuhi akanunua keshokutwa bila kukiweka kitu hicho kwenye kikapu ndani ya saa hizo, huna kitu. Kwa hiyo tarakimu inayong'aa kwenye skrini si pesa za kuahidi kodi. Mimi nimechora safu mbili, "inasubiri" na "imefika", na natumia ya pili tu. Kampuni nazo huondoka: Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019 na Rwanda Januari 2020, na kila aliyejenga juu ya linki zake alianza upya.

Ndiyo maana mwaka huu nageukia karibu. Soko la Kimironko lina vitenge na mafundi cherehani ambao hawana linki wala tovuti. Nimeongea na fundi mmoja: faranga 1,000 kwa kila gauni la mteja niliyemleta, na bei ya mteja isipande kwa sababu yangu. Kiungo changu ni neno la siri ambalo mteja analitaja.

Kazi ya namna hii inafuata kalenda mbili. Ramadhani inatarajiwa karibu na tarehe 18 au 19 Februari 2026, Idi ndogo karibu na 20 Machi, na Idi kubwa karibu na 27 Mei, kutegemea mwandamo. Mshono wa Idi huagizwa mapema, kwa hiyo matangazo yaanze Shaabani, na kumi la mwisho simu ipumzike. Kuanzia 7 hadi 13 Aprili nchi iko katika wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Sitatangaza chochote siku hizo.

Zaka je? Nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, na kwa bei ya dhahabu ya siku hizi wengi wetu tuko mbali nayo. Atakayefika ahesabu mwaka wake kwa mwezi, si kwa Januari. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Anayelipa kila Januari, katika miaka 33 hivi ameruka zaka ya mwaka mzima.

Jana nilirudi sokoni na karatasi ya makubaliano. Nilikuwa nimeandika kwamba hesabu yetu ya kwanza tutaifanya wiki moja kabla ya Idi. Yule mama akaisoma, akaweka mkasi chini, akaniuliza:

"Mwanangu, Idi ipi?"

Nikakata, nikaandika upya: tarehe 13 Machi 2026. Tukatia saini wote wawili.