Moto Hauichomi Risasi

Choma gunia la makaa hadi liishe, utabaki na jivu kidogo tu. Gunia lenyewe limekwenda wapi? Kaboni ya makaa imeshikana na oksijeni, ikawa gesi, ikapaa. Sasa tia madini ya risasi motoni. Yatayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na moto ukizidi yataanza kutoa mvuke. Mvuke huo nao hushikana na oksijeni, lakini kinachozaliwa si gesi. Ni oksidi ya risasi, unga mgumu wa chembe ndogo ndogo. Moto hubadilisha atomu inashikana na nani. Atomu yenyewe hauigusi.

Chembe hizo zitaanguka lini? Inategemea ukubwa. Yenye upana wa maikromita 10, sehemu ya saba hivi ya unene wa unywele, hushuka mita 100 kwa muda wa saa moja hivi hewa ikitulia. Punguza upana mara kumi, mwendo unapungua mara mia: hiyo itahitaji kama siku nne. Ndiyo maana uchafu mzito hulala karibu na bomba la moshi, na ule mwembamba husafiri na upepo hadi mvua iuteremshe.

Parklands, mtaa wa Nairobi, haina mabomba hayo. Viwanda vya jiji viko ng'ambo ya pili ya katikati ya jiji, na upepo huvuma zaidi kutoka mashariki na kaskazini mashariki, kwa hiyo moshi wa Enterprise Road, barabara ya viwanda hivyo, mara nyingi huwaendea wengine. Shida ya Parklands ilikuwa magari. Petroli ya zamani ilitiwa tetraethili ya risasi ili injini isigonge. Risasi ikibaki ndani ingeharibu vali na plagi, basi ikaongezwa bromini ili igeuke kitu kinachopaa upesi na kutokea ekzosi. Kutupwa nje hakukuwa bahati mbaya, kulipangwa. Tuseme lita moja ilibeba gramu 0.4: tangi la lita 40 lina gramu 16, na sehemu kubwa iliishia barabarani. Kenya iliachana na petroli hiyo mwaka 2006. Algeria, ya mwisho duniani, ilimaliza 2021, na aliyetangaza habari hizo ni Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, mwendo mfupi tu ukifuata Limuru Road.

Hewa ilipata nafuu upesi. Udongo je? Chukua mita moja ya mraba kando ya Limuru Road, pale inapopakana na City Park, uchimbe sentimita 10. Hapo pana udongo wa kilo 120 hivi. Ikiwa kila mwaka iliangukiwa na gramu 1 ya risasi (gramu hiyo nimeiweka kwa ajili ya hesabu tu, haikupimwa), ni miligramu 8 kwa kila kilo. Miaka 25 ya namna hiyo ni miligramu 200, ilhali udongo ambao haujaguswa kwa kawaida huwa na makumi machache.

Na mvua za masika? Ingekuwa chumvi, zingeiondoa; risasi haiondoki. Risasi iliyoyeyuka majini ina chaji chanya, na udongo mwekundu wa Nairobi umejaa mfinyanzi na oksidi za chuma, ambazo pamoja na mboji huing'ang'ania kama alama ya chai kikombeni. Hubaki sentimita chache za juu, palepale watoto wanapochezea. Mizizi ya sukuma wiki huivuta kidogo mno; vumbi lililokaa juu ya majani ndilo la kuogopwa, kwa hiyo osha jani moja moja kabla ya kukatakata. Mtoto anayelamba vidole hufyonza karibu nusu ya risasi anayomeza, mtu mzima kama sehemu ya kumi. Mwili huidhania kalsiamu, ukaiweka akiba mifupani.

Kwa moshi wa kiwanda hasa, twende Owino Uhuru, Mombasa, ambako betri kuukuu za magari ziliyeyushwa ubavuni mwa nyumba za watu kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza madai ya wakazi, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe. Mahakama ya Rufaa ikauvuruga uamuzi huo 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha fidia Desemba 2024.

Lakini udongo husafishwaje, ikiwa hata moto umeshindwa? Ama unachimbwa na kuzikwa kwingine, ama unafunikwa kwa udongo mpya. Njia ya tatu ni kuutia fosfeti, ambayo hushikana na risasi ikawa madini magumu sana kuyeyuka. Risasi itakuwa bado ipo palepale, ila sehemu yake kubwa itapita tumboni mwa mtoto bila kuingia damuni.