Modeli imehama, boriti zimebaki hewani

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mhandisi mhitimu katika ofisi ya ushauri wa kihandisi hapa Dodoma, huu ni mwaka wangu wa pili. Michoro tunachora kwa Revit, na hesabu za jengo tunazifanya kwa ETABS. Mwaka huu bosi ameamua kwamba tusijenge tena modeli mbili. Mchoraji akimaliza ya Revit, mimi niisukume tu iende ETABS nipate majibu. Anasema leseni tumelipia kwa ajili hiyo.

Sasa tuna jengo la ofisi la ghorofa saba. Nikihamisha modeli, baadhi ya boriti hazishiki nguzo, kuta za shafti ya lifti zinakatika vipande, na ETABS inatoa onyo kwamba muundo haujatulia. Narekebisha kwa mkono hadi usiku. Kesho yake msanifu anasogeza nguzo mbili, mchoraji anabadilisha, nahamisha upya, na kazi yangu yote inafutika. Mara ya mwisho uzito wa jengo uliongezeka sana na sijui umetoka wapi. Bosi ananiona mzembe. Mchoraji anasema modeli yake ni safi, na kweli ukiitazama ni nzuri. Je, tununue programu nyingine? Tutumie IFC? Au nijenge modeli yangu mwenyewe kimyakimya bila bosi kujua?

Mhitimu, Dodoma

Marahaba, mwanangu.

Wewe si mzembe, na mchoraji wako hasemi uongo. Modeli yake inaweza kuwa safi kabisa kwa kazi yake na bado isifae kwa yako. Modeli ya Revit inaeleza zege liko wapi: boriti ina upana na kina, uso wake wa juu uko sawa na slabu, ubavu wake wa nje umelingana na ukuta. Modeli ya ETABS inaeleza mzigo unapita wapi mpaka ufike msingini. Humo boriti ileile ni mstari usio na unene wenye ncha mbili, na ncha isipogusa nodi ya nguzo, kompyuta inahesabu kwamba boriti hiyo haijashikwa na kitu, hata kama kwenye skrini zege limeingiliana vizuri.

Fanya hesabu ya nguzo yako ya pembeni. Tuseme ni ya milimita 300 kwa 600, upande mrefu ukielekea ndani ya jengo, na boriti ya 250 kwa 500 imepangwa uso kwa uso na nguzo upande wa nje. Mstari wa kati wa boriti uko milimita 125 kutoka nje, wa nguzo uko milimita 300. Tayari mistari miwili imepishana kwa milimita 175. Kwa wima ni vivyo hivyo: kati ya boriti iko milimita 250 chini ya uso wa sakafu, na kati ya slabu ya 150 iko milimita 75 chini yake, kwa hiyo zinapishana 175 nyingine. Mchoraji hakukosea popote, ila mistari haikutani.

Hapo programu inaweza kuacha pengo, kuuvuta mstari wa boriti hadi kwenye nguzo, au kuweka kipande kifupi kigumu cha kuunganisha. Kila njia ina maana yake kihandisi. Boriti ikileta kilonyutoni 200 kwenye nguzo hiyo, ule mpishano wa mita 0.175 unazaa momenti ya kNm 35. Ukiuvuta mstari hadi katikati ya nguzo, umeifuta momenti hiyo kwenye hesabu, lakini kwenye jengo itakuwepo. Pengine nguzo inaibeba bila shida, pengine haiwezi. Anayepaswa kuamua ni wewe, kwa kujua, na uamuzi huo uandikwe. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote ya barua hii: kitufe cha kuhamisha kinabeba maumbo, lakini hakiwezi kukuamulia jengo linasimamaje.

Watengenezaji wenyewe wamelikubali hilo. Zamani ukichora boriti kwenye Revit, mstari wake wa uchanganuzi ulizaliwa nayo papo hapo. Kuanzia Revit 2023 vitu hivyo vimetenganishwa: sehemu za uchanganuzi zinajitegemea, na mhandisi anazichora au anaziagiza zitengenezwe kwa kanuni anazozichagua. Kama ofisi yenu inatumia toleo hilo au jipya zaidi na hakuna aliyeshughulikia sehemu hizo, basi mnahamisha kitu ambacho hakuna mtu aliyekifikiria.

Na hatari yenyewe si ya kinadharia. Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, paa la ukumbi wa michezo wa Hartford, Connecticut, nchini Marekani, lilianguka chini ya uzito wa theluji, saa chache tu baada ya watazamaji wapatao 5,000 kutoka kwenye mchezo wa mpira wa kikapu. Hakufa mtu. Lilikuwa paa la fremu ya chuma lililohesabiwa kwa kompyuta, jambo la kujivunia wakati ule. Wachunguzi walikuta kwamba vyuma vya juu vilihesabiwa kana kwamba vimezuiwa visipinde katikati ya urefu wake, wakati kwenye jengo halisi vizuizi vya pembezoni havikufanya kazi hiyo, na viungo havikukutana pale modeli iliposema vinakutana. Linaloniumiza zaidi ni kwamba wakati wa ujenzi paa lilipimwa likaonekana kulegea chini karibu mara mbili ya ilivyohesabiwa, na majibu ya kompyuta yakaaminiwa kuliko kipimo cha saiti.

Sasa turudi kwenye kazi yako inayofutika. Inafutika kwa sababu kila mara unatengeneza faili jipya. CSiXRevit, programu-jalizi ya CSI wenyewe wanaotengeneza ETABS, inaweza pia kusasisha modeli iliyopo, na hiyo ndiyo njia ya kutumia. Lakini kabla ya hapo kubalianeni nani anamiliki nini. Gridi, usawa wa ghorofa, mahali pa nguzo na vipimo vya boriti viwe vya Revit, visafiri upande mmoja tu. Mizigo, michanganyiko ya mizigo na vipunguzo vya ukakamavu kwa zege lililopasuka (ACI 318 inaweka 0.35 kwa boriti na 0.70 kwa nguzo) viishi ndani ya ETABS na visiguswe na uhamishaji wowote. Ukigundua nguzo inahitaji kukua, usiirudishe Revit kwa kitufe. Mwambie mchoraji kwa maandishi, abadilishe kwake, kisha mabadiliko yaje kwako kwa njia ya kawaida.

Kaa naye pia kabla hajaanza jengo linalofuata. Nguzo zikatwe kila ghorofa, zisichorwe kipande kimoja kutoka msingi hadi paa. Kuta za lifti nazo zichorwe ghorofa kwa ghorofa, na zikutane kwenye pembe. Ngazi, vigae na lipu visiingie kwenye uhamishaji. Angalieni sana kuta za bloku: moja ikiwekewa alama ya ukuta wa kimuundo, itafika ETABS ikiwa inabeba slabu na kulikaza jengo, na boriti iliyo chini au juu yake utaisanifu ndogo kuliko inavyotakiwa. Ukuta huo unapaswa kufika kwenye hesabu kama mzigo juu ya boriti tu.

Kuna jambo la namba za mpima ardhi ambalo wengi hawalishuku. Kwa Dodoma namba ya kaskazini inazidi mita milioni tisa. Jengo likiwekwa kwenye namba hizo zenyewe, kompyuta inapoteza usahihi wa sehemu ndogo, na nodi zilizopaswa kugusana zinakosana kidogo sana. Revit inataka mchoro usiende zaidi ya maili 10, kama kilomita 16, kutoka kitovu chake cha ndani. Weka makutano ya gridi A na 1 yawe sifuri.

Uzito ulioongezeka unatafutwa kwa kalamu, na hapa usiwe na haraka. Chukua sakafu moja, tuseme mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300. Slabu ya milimita 150 kwa zege la kN 25 kwa mita ya ujazo ni kN 3.75 kwa mita ya mraba, jumla kN 1,125. Malizio na dari, tuseme 1.5, ni kN 450. Watu na samani za ofisi, 2.5, ni kN 750. Ongeza boriti, nguzo na kuta, zidisha kwa idadi ya sakafu, kisha fungua jedwali la ETABS linaloonyesha mizigo inayofika msingini, kila aina ya mzigo peke yake. Ukikuta slabu imekaribia kN 2,250 kwa sakafu, imehesabiwa mara mbili. Ama tabaka la malizio la msanifu limeingia kama slabu ya pili, ama mtu aliandika uzito wa slabu kama mzigo kwenye Revit na ETABS nayo ikauhesabu yenyewe, kama inavyofanya kawaida. Tofauti ndogo isikusumbue. Boriti ya kina cha 500 inashiriki milimita 150 za juu na slabu, yaani asilimia 30 ya zege lake, na eneo hilo likihesabiwa kwenye boriti na kwenye slabu uzito utazidi kidogo.

Ukishapatanisha uzito, kagua mwelekeo wa nguzo moja moja. Ile ya 300 kwa 600 ikigeuka nyuzi 90 wakati wa kuhama, uzito haubadiliki hata chembe, lakini ukakamavu wake wa kupinda upande ule unashuka mara nne. Jumla ya mizigo haitakuonyesha kosa hilo. Litafute kwa macho yako.

Zile nguzo mbili alizosogeza msanifu zinanitia wasiwasi kuliko programu zote. Muulize kama zimesogea ghorofa zote saba au baadhi tu. Zikisogea kwenye baadhi, nguzo ya juu haikai tena juu ya ya chini, na mzigo wa ghorofa zote za juu yake unahitaji boriti kubwa ya kuuhamisha. Hilo ni badiliko la muundo, lifike kwa bosi kabla ya kufika kwenye faili lolote.

Programu nyingine msinunue. IFC ni nzuri, ni kiwango cha ISO 16739 tangu 2013, lakini faili ambalo programu nyingi hutoa ni la maumbo kwa ajili ya kuratibu kazi. Litakufikishia zege lilelile na mipishano ileile. Mkishirikiana na ofisi inayotumia SCIA Engineer mnaweza kukutana na faili la modeli ya uchanganuzi liitwalo SAF, ambalo limeandikwa kwa jedwali la Excel. Hilo lina faida kwamba nodi na mizigo unaweza kuisoma kwa macho kabla ya kuiingiza.

Ama kujenga modeli kwa siri, usifanye. Nia yako ni njema, lakini wewe ni mhitimu na muhuri ni wa bosi wako. Yeye ndiye atakayejibu mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na haki yake ni kujua ni modeli gani anaigongea muhuri. Mwambie waziwazi. Kwa jengo la ghorofa saba lenye gridi iliyonyooka, mimi ningechukua gridi, usawa na nguzo tu kutoka Revit, halafu boriti, slabu na kuta za lifti ningezichora mwenyewe ndani ya ETABS. Muda wake ni mdogo kuliko usiku unaoumaliza kufukuza nodi. Uhamishaji kamili ungeustahili uwanja wa michezo wenye paa la chuma lililopinda, wenye maelfu ya vipande.

Usiende kwa bosi na malalamiko. Nenda na karatasi moja: upande wa kushoto uzito wa kila ghorofa ulioupata kwa mkono, upande wa kulia namba za ETABS kutoka kwenye faili lililohamishwa, na mstari mwekundu chini ya zile zisizolingana. Mhandisi yeyote mwenye muhuri akiiona karatasi hiyo atavuta kiti.