Kutangulia si Kufika: Somo la Siku za Mwisho za Sumo

Mhariri ameniomba niandike somo kwa ukurasa wa Kiswahili, nami nimechagua jambo ambalo labda litawachekesha mwanzoni, yaani mieleka ya Wajapani iitwayo sumo. Sisi wenyewe tulicheka jioni ile mwalimu wetu wa mazoezi alipotuonyesha mchezo huo katika kompyuta yake. Tuliona wanaume wanene, wamevaa mkanda mpana tu kiunoni, wakitupa chumvi uwanjani kabla ya kushikana. Mmoja wetu akasema, "Hawa hawawezi kupanda mlima wa Buhinyuza na ndoo ya maji!" Lakini tulipofika siku ya mwisho ya mashindano ya Machi 2017, kicheko kilikwisha. Kengele ya kulala ililia, wala hapana mtu aliyeinuka.

Nataka kuwaeleza kwanza sheria za mchezo, kisha yaliyotokea siku zile, na mwisho kwa nini nayaandika katika gazeti la shule.

1. Sheria za mchezo

Katika vilima vyetu kila mtoto aliyechunga mbuzi amepata kupigana mieleka na mwenzake. Sumo ni ndugu ya mchezo huo. Uwanja wake huitwa dohyo, nao ni jukwaa la udongo ulioshindiliwa sana. Juu yake pana duara iliyozungushiwa mafungu ya majani makavu ya mpunga, na upana wake ni mita 4.55. Mtu akikanyaga nje ya duara ameshindwa. Hata akiwa ndani, sehemu yoyote ya mwili wake isiyo wayo ikigusa ardhi, ameshindwa vile vile. Hapana ruhusa kupiga ngumi, wala kuvuta nywele, wala kutia vidole machoni. Tena hawapangwi kwa uzito. Mwenye kilo 110 aweza kukutanishwa na mwenye kilo 180, naye hana la kufanya ila kutumia akili.

Tangu 1958 mashindano makubwa huwa 6 kila mwaka. Kila moja huchukua siku 15, kuanzia Jumapili na kuisha Jumapili. Madaraja ya wacheza ni 6. Wa madaraja mawili ya juu hupigana mara moja kila siku, yaani mara 15. Hao ndio wapokeao mshahara. Wa madaraja manne ya chini hupigana mara 7 tu. Hawana mshahara ila posho kidogo na chakula, nao ndio wapishi na wafagiaji wa nyumba wanamokaa pamoja na mwalimu wao.

Cheo kikubwa kupita vyote ni yokozuna, na chini yake ni ozeki. Yokozuna hashushwi kamwe, lakini nguvu zikimwishia yampasa kujiuzulu. Wengine wote hupanda na kushuka kwa hesabu. Mcheza wa daraja la kwanza au la pili akishinda mara 8 au zaidi katika zile 15, hupanda. Akishindwa mara 8, hushuka. Ozeki pekee huvumiliwa mara moja. Akipata hesabu mbaya mashindano mawili mfululizo, cheo kimekwenda.

2. Hesabu za siku za mwisho

Sasa mtaona kwa nini siku za mwisho zina moto. Wanaoongoza wanataka kombe. Lakini wako na wengine ambao hakuna awatazamaye, waliokwisha kushinda 7 na kushindwa 7. Kwao siku ya 15 ni kupanda au kushuka. Wawili wakimaliza sawa juu kabisa, hupigana tena siku ile ile ili apatikane mshindi mmoja.

Hapo ndipo huja kishawishi. Mwaka 2011 mashindano ya Machi yalifutwa kabisa, kwa sababu polisi walikuta katika simu za baadhi ya wacheza maneno ya kuuziana ushindi. Wengi wao walifukuzwa. Sisi tunaokaa mitihani twajua kishawishi hicho kina sura gani, basi sitaongeza neno.

3. Siku tatu za Osaka

Mashindano ya Machi hufanyika katika mji wa Osaka. Mwaka 2017 watu wote walimtazama Kisenosato. Alikuwa amepata cheo cha yokozuna mwezi Januari wa mwaka ule, akiwa mzaliwa wa kwanza wa Japani kukipata baada ya miaka 19. Yokozuna wengine watatu wa wakati ule walikuwa wana wa Mongolia. Haya yalikuwa mashindano yake ya kwanza katika cheo kipya, naye alishinda siku 12 bila kushindwa hata mara moja.

Siku ya 13 alikutana na Harumafuji. Alisukumwa nje ya uwanja akaanguka vibaya, akabaki ameshika bega la kushoto na uso umekunjamana kwa maumivu. Ikumbukwe kwamba mkono wa kushoto ndio uliokuwa silaha yake. Siku ya 14 alirudi amefungwa bandeji, na Kakuryu akamtoa nje upesi, kama mtu atoaye mgeni mlangoni.

Wakati huo Terunofuji, ozeki mzaliwa wa Mongolia, alikuwa anapanda. Siku ile ya 14 alipangwa na Kotoshogiku, mtu aliyependwa sana, ambaye alikuwa akitafuta ushindi wa kumrudisha katika cheo cha ozeki alichokipoteza. Terunofuji hakumkabili kifua kwa kifua. Alihepa kando, mwenzake akapita na kuanguka, na tumaini lake likaisha pale pale. Sheria hairuhusu kumlaumu, lakini watu walimzomea sana, na wengine wakamwambia arudi kwao. Wachache walifikiri kwamba yeye pia alikuwa na magoti mabovu.

Basi tufanye hesabu. Asubuhi ya siku ya 15, tarehe 26 Machi, Terunofuji alikuwa ameshinda 13 na kushindwa 1. Kisenosato alikuwa ameshinda 12 na kushindwa 2. Walikuwa wamepangwa kupigana wao kwa wao. Terunofuji akishinda, kombe ni lake. Kisenosato akishinda, wanakuwa sawa, 13 kwa 2, nao watapigana tena. Maana yake mtu mwenye mkono mmoja mzima alitakiwa kumwangusha ozeki mara mbili katika jioni moja.

Akamwangusha mara mbili. Ukumbi ulikuwa kama nyuki waliochokozwa. Wimbo wa taifa ulipoimbwa, Kisenosato alilia mbele ya watu wote, nasi darasani tulipiga makofi kana kwamba ni mtu wa kwetu.

4. Yaliyofuata

Kama ningekoma hapo, somo lingekuwa jepesi: vumilia maumivu, utashinda. Lakini mwalimu hakuzima kompyuta. Alituuliza, "Je, mwajua baadaye ilikuwaje?"

Kisenosato hakupona. Kuanzia Mei 2017 alikosa mashindano 8 mfululizo, mengine yote na mengine nusu. Alirudi Septemba 2018, akashinda mara 10. Novemba alishindwa mfululizo akatoka. Januari 2019 alishindwa siku tatu za kwanza, akajiuzulu. Jioni ile ya Osaka ilikuwa ndiyo kombe lake la mwisho.

Wala hakuwa wa kwanza kuyapata hayo. Mei 2001 yokozuna Takanohana aliumia goti siku ya 14, na siku ya 15 akashindwa na Musashimaru wakawa sawa. Walipopigana tena alimtupa chini, akatwaa kombe lake la 22. Waziri Mkuu wa Japani alimkabidhi kombe huku akimsifu kwa kuvumilia maumivu. Baada ya sifa hizo Takanohana alikosa mashindano 7 mfululizo, akarudi mara moja kwa nguvu Septemba 2002, na Januari 2003 akajiuzulu.

Na yule aliyezomewa je? Terunofuji alizidi kuharibika magoti, tena akashikwa na kisukari. Mwaka 2017 haujaisha alikuwa amepoteza cheo cha ozeki. Mwaka 2018 alishuka daraja la pili, kisha akashuka chini ya hapo, pasipo mshahara. Alimwendea mwalimu wake mara nyingi kuomba aache mchezo, na mwalimu akakataa, akimwambia atibiwe kwanza. Alikaa nje miezi mingi. Alipoingia tena uwanjani Machi 2019 alikuwa katika daraja la 5 kati ya 6, mtu aliyekuwa ozeki, sasa anapigana asubuhi mapema na vijana wanaoanza, ukumbi ukiwa karibu mtupu.

Alipanda daraja moja baada ya moja. Julai 2020 alirudi katika daraja la kwanza, mahali pa chini kabisa pa daraja hilo, na katika mashindano yayo hayo akatwaa kombe. Mwezi Julai 2021 akafanywa yokozuna, wa 73 katika orodha. Alipojiuzulu Januari 2025 alikuwa na makombe 10.

5. Somo kwetu

Sasa nitasema habari yangu mwenyewe, ingawa si ya kujivunia. Wengi wenu mwajua kwamba nina miaka 19 na wenzangu darasani ni wadogo kuliko mimi. Nilianguka mtihani wa taifa wa darasa la tisa. Katika majaribio ya shule nilikuwa wa kwanza mwaka mzima, na juma la mwisho nilipata homa, nikaificha, nikakesha na madaftari badala ya kwenda zahanati. Nilitaka kusifiwa kwa kuvumilia. Siku ya mtihani wa hesabu maandishi yalikuwa yakicheza mbele ya macho yangu.

Matokeo yalipotoka, nilikusudia kwenda Bujumbura kutafuta kazi yoyote, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anaingia darasa lile lile la tisa. Ningekaa naye katika chumba kimoja, mimi kaka yake! Baba hakunigombeza wala hakunishauri. Siku ya soko alirudi na madaftari ya namna moja, akagawa mafungu mawili sawa, akaliweka moja mbele ya mdogo wangu na moja mbele yangu. Nikayachukua.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Mwalimu akiuliza, mdogo wangu alijibu kabla yangu, na watoto walinitazama. Wengine waliniita "Mzee." Lakini nilifahamu mambo mengi niliyokuwa nimeyakariri tu hapo kwanza. Ndiyo sababu jioni ile, nilipoona yule ozeki wa zamani akiinama na kumsalimu kijana asiyejulikana katika ukumbi mtupu, sikuweza kuwatazama wenzangu.

Wazee husema kutangulia si kufika. Sisi hulitumia neno hilo kwa kumcheka aliyeongoza akashindwa. Mimi naona lina upande wa pili, maana kama kutangulia si kufika, basi na kubaki nyuma si kupotea.

Sisemi kwamba Kisenosato alikosa. Alikuwa yokozuna mpya, nchi nzima ilikuwa ikimngoja, na pengine mimi nami ningepanda uwanjani. Wala sisemi Terunofuji alikuwa mtakatifu, maana alihepa siku ile na mwenzake akalipa. Nasema tu kwamba ushujaa wa jioni moja una watu wengi wa kuupigia makofi, na ushujaa wa kuanza upya chini hauna mtu. Kwa hiyo yafaa sisi tulio shuleni tuupe huu wa pili heshima yake. Kila mwaka wako wenzetu wanaorudia darasa. Tusiwaite Mzee. Na wewe unayeumwa wakati wa mtihani, nenda kamwambie mwalimu leo, si kesho.

Nanyi wakubwa wetu, kama mlipata kuanguka na kurudi, tuandikieni habari zenu. Hapa kuna vijana wanaodhani kwamba ninyi hamkuanguka kamwe.

Maswali ya kujipima

1. Asubuhi ya tarehe 26 Machi 2017, Terunofuji alihitaji kushinda mara ngapi ili apate kombe? Na Kisenosato je? Eleza kwa hesabu.
2. Mcheza aliyeshinda 7 na kushindwa 7 anakutana na aliyekwisha kushinda 8. Nani ana haja zaidi ya ushindi, na kishawishi kiko wapi?
3. Kama ungekuwa mwalimu wa Kisenosato usiku wa siku ya 14, ungemwambia nini? Andika ukurasa mmoja, na useme sababu zako.