Mwongozo wa Kuomba Ruzuku ya Kuchunguza Fedha za Utafiti: Kwa Waandishi wa Habari wa Kericho na Bomet

Mwongozo huu ni wa waandishi wa redio, magazeti na mitandao wanaotaka kuchunguza nani hulipia utafiti wa kisayansi katika nchi ya chai. Wafadhili wa uandishi hupokea malalamiko mengi makubwa yasiyo na ushahidi. Kinachowashawishi ni swali dogo lenye nyaraka: utafiti gani, nani alilipa, na aliyelipa alitaka nini.

1. Chagua utafiti unaowagusa watu wako

Taasisi ya Utafiti wa Chai iko Kericho. Chai ya zambarau, TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima na watafiti wa Kericho mwaka 2011. Kwa miaka mingi utafiti wa chai uliendeshwa kwa makato ya wakulima, na Sheria ya Chai ya 2020 inautaja utafiti miongoni mwa matumizi ya ushuru wa chai. Kwa hiyo mkulima wa Konoin ni mfadhili pia, na ana haki ya kuuliza fedha zake zilizaa nini.

Upande wa afya, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) imeshirikiana kwa miaka mingi hapa Kericho na Taasisi ya Utafiti ya Walter Reed ya Jeshi la Marekani. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi wa mashamba ya chai walishiriki katika utafiti wao wa virusi vya ukimwi. Kufadhiliwa na jeshi la nchi nyingine si kosa. Hata hivyo, aliyetoa damu yake anastahili kujua nani analipa, matokeo yalikwenda wapi, na fedha zikikatika nani atabaki naye.

2. Tafuta nyaraka kabla ya kuomba

Anza na kurasa za mwisho za makala ya kisayansi, panapotajwa wafadhili na maslahi ya watafiti. Soma pia ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kisha andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na hulazimiki kueleza sababu. Taja jambo moja kwa usahihi, kwa mfano:

*"Naomba nakala ya mikataba ya ufadhili wa utafiti wa chai ya zambarau kwa mwaka wa fedha 2010/2011, pamoja na kiasi kilichotolewa na kila mfadhili."*

Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea mara moja tu siku zisizozidi 14. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman. Ambatisha kwenye ombi la ruzuku nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo inaonyesha kwamba kazi imeshaanza.

3. Andika bajeti ya kweli

Pulitzer Center na Earth Journalism Network ni miongoni mwa mashirika yanayotoa ruzuku kwa waandishi wa nchi nyingi. Soma masharti ya tangazo lililopo sasa, si la mwaka jana. Weka kwenye bajeti nauli, mkalimani wa Kikipsigis ikiwa huisemi lugha hiyo, gharama ya nakala, mtaalamu wa takwimu, na wakili wa kupitia habari kabla haijatoka. Pata barua ya mhariri anayekubali kuichapisha au kuitangaza.

4. Linda watu, linda jina lako

Mchuma chai anayeishi katika nyumba ya kampuni anaweza kupoteza kazi na makao kwa wakati mmoja. Usimhoji mbele ya msimamizi wake. Kutaneni nje ya shamba, mahali atakapochagua yeye. Jina lake lihifadhiwe mbali na maelezo yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu wewe pia.

Usipokee usafiri wala bahasha kutoka kwa unayemchunguza. Habari ikitoka, mtaje aliyekulipia na useme kama alikuwa na kauli juu ya maandishi yako. Anayewadai wanasayansi uwazi hana budi kuwa wa kwanza kuuonyesha.

Wakulima na wachuma chai wamechangia sayansi hii kwa makato yao na kwa miili yao. Mwandishi mwenzangu, usingoje tangazo la ruzuku: chagua utafiti mmoja, andika barua yako ya kwanza wiki hii, na uhakikishe imegongwa muhuri.